Rekodi ipi ya roki ya jukwaani uanze nayo? Ulinganisho wa usiku uliofana na usiku ulioharibika

Mtu anayetaka kuijua roki ya zamani kupitia maonyesho ya jukwaani, badala ya santuri zilizotengenezwa studio, hukutana kwanza na tatizo la wingi. Kila mpenzi wa muziki huu ana usiku wake anaouapia, na kila bendi kubwa imeacha rekodi za kila aina, nyingine za kusisimua na nyingine za kuvunja moyo. Anayeangukia rekodi mbaya mwanzoni anaweza kuiweka bendi kando kwa miaka, akiamini kwamba sifa zake zilikuwa maneno matupu. Hilo lilimpata mdogo wangu. Alianza kuijua Led Zeppelin kwa kutazama onyesho lao la mwaka 1985, na kabla wimbo wa tatu haujaisha alivua hedifoni, akaniuliza kwa upole kama hao ndio wale ninaowasifu kila siku. Sikuwa na jibu isipokuwa kumwekea rekodi nyingine ya bendi hiyohiyo, na ulinganisho huu umetokana na jioni ile.

Nimechagua bendi nne. Tatu kati yao nimezipa jozi, yaani usiku mmoja uliofana na mwingine ulioharibika. Ya nne, Queen, haina jozi ya kwake kwa sababu jozi yake halisi ni Led Zeppelin: bendi hizo mbili zilipiga siku moja, katika tamasha moja, kwenye viwanja viwili vinavyotenganishwa na bahari ya Atlantiki.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni kusikilizana. Wengi wetu hudhani kwamba spika kubwa zinazoelekezwa kwa watu ndizo zinazoamua ubora wa onyesho, kumbe kwa wanamuziki zenye uzito zaidi ni zile ndogo zilizolazwa mbele ya miguu yao, zinazowarudishia sauti zao wenyewe. Hizo zikififia, mwimbaji hajui kama yuko kwenye ufunguo, mpiga gitaa hajui kama nyuzi zimelegea, na mpiga dramu anabaki kukisia. Kigezo cha pili ni mazoezi na hali ya bendi siku hiyo, afya ya koo la mwimbaji ikiwemo. Cha tatu ni muda waliopewa na namna walivyopanga nyimbo ndani ya muda huo. Cha nne ni mahali na hadhira. Cha tano ni rekodi yenyewe: ina picha au sauti tu, ni ndefu kiasi gani, imetolewa rasmi au la, na imehifadhi nini hasa.

Kipaji sikukiweka kuwa kigezo, kwa sababu katika bendi hizi nne hakuna iliyopungukiwa nacho, hata katika usiku wake mbaya kuliko yote.

Queen: Wembley, London, 13 Julai 1985

Tamasha la Live Aid liliandaliwa kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia, na kila bendi ilipewa muda mfupi tu. Queen walipata takriban dakika 21. Bendi nyingi zilizopanda siku hiyo ziliuchukua muda huo kama kipande kilichokatwa kwenye shoo zao za kawaida. Queen waliutungia shoo yake. Walikodi ukumbi wa Shaw Theatre jijini London wakafanya mazoezi kwa siku kadhaa, wakazikata nyimbo zao ndefu na kuziunganisha, hata ile maarufu yenye sehemu ya kiopera ikabaki na mwanzo wake wa piano peke yake. Kuhusu sauti, mpiga dramu wao, Roger Taylor, ameeleza kwamba walimtuma fundi wao akague mitambo kabla ya zamu yao, na anayesikiliza rekodi za siku hiyo kwa mfululizo atatambua kwamba sauti ya Queen imejaa kuliko ya wengi waliowatangulia.

Walipanda saa 12 na dakika 41 jioni, jua la kiangazi likiwa bado kali, bila taa za jukwaani kuwasaidia na mbele ya watu wapatao 72,000 ambao hawakuja kwa ajili yao peke yao. Hapo ndipo Freddie Mercury anapostahili kutazamwa kwa karibu. Anakaa kwenye piano iliyopangwa vikombe vya karatasi juu yake, anapiga ubeti mmoja na nusu, na tayari uwanja unaimba. Katika wimbo wa pili maelfu ya mikono inapanda na kupiga makofi mara mbili kwa pamoja, mpaka safu za nyuma kabisa. Baadaye anaacha vyombo vyote kando, anatupa sauti tupu, na watu wanamrudishia. Anarefusha, nao wanarefusha. Anaipindapinda, nao wanaifuata. Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Sidai kwamba kuita na kuitikia alikuchukua kwetu, lakini msomaji aliyelelewa kwenye ngoma za arusi hatahitaji kuelezwa kwa nini dakika ile ilifanya kazi.

Upungufu wake ni ufupi. Hizi ni dakika 21 za bendi iliyoamua kuonyesha kilele kitupu, bila nyimbo zisizojulikana sana na bila Brian May kupata nafasi ya kutanua gitaa lake. Anayetaka Queen kamili atafute maonyesho yao ya Julai 1986, katika uwanja uleule wa Wembley. Rekodi ya 1985 inamfaa mtu mwenye muda mchache, anayependa kuona kuliko kusikia, na hasa anayetaka kuelewa jinsi mtu mmoja anavyoweza kushika uwanja mzima.

Led Zeppelin: Philadelphia 1985 na London 2007

Saa chache baada ya Queen kushuka, upande wa pili wa tamasha hilohilo, katika uwanja wa JFK jijini Philadelphia, Jimmy Page, Robert Plant na John Paul Jones walipanda pamoja mbele ya watu wapatao 90,000. Bendi ilikuwa imevunjika mwaka 1980 baada ya kifo cha mpiga dramu wao, John Bonham, kwa hiyo matarajio yalikuwa makubwa kupita kiasi. Nafasi ya Bonham ilijazwa na watu wawili kwa wakati mmoja: Tony Thompson na Phil Collins. Collins alikuwa amepiga Wembley mchana wa siku hiyo, akapanda ndege ya Concorde kuvuka bahari, akafika Philadelphia bila kufanya mazoezi ya maana na wenzake. Ameeleza baadaye kwamba alitamani kushuka jukwaani katikati ya onyesho, akajizuia.

Ukipitisha vigezo vyetu hapa, karibu vyote vinaanguka. Wanamuziki hawakusikilizana vizuri kwa sababu mitambo ya kuwarudishia sauti ilikuwa mibovu. Sauti ya Plant ilikuwa imekauka. Gitaa la Page halikutuniwa sawasawa, na hilo huhitaji kuwa mwanamuziki ili ulitambue. Linasikika wazi kila anapopiga nyuzi mbili kwa pamoja, zikivutana badala ya kukaa. Wapiga dramu wawili ambao hawajazoeana wanatazamana kabla ya kila mgeuko wa wimbo, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Kati ya nyimbo zao tatu, ya mwisho ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa ni utunzi unaopanda ngazi taratibu kutoka ukimya hadi kishindo, na bendi isiyosikilizana haiwezi kupanda ngazi kwa pamoja. Hata hivyo hadhira ilishangilia kwa dhati, jambo linaloonyesha kwamba kelele za watu si kipimo cha kutegemewa. Wenyewe hawakukubali onyesho hili liingizwe kwenye DVD rasmi ya tamasha iliyotoka mwaka 2004, kwa hiyo kinachozunguka ni nakala za matangazo ya televisheni.

Tarehe 10 Desemba 2007, katika ukumbi wa O2 jijini London, watu walewale watatu walipanda tena, safari hii wakiwa na Jason Bonham, mtoto wa marehemu, kwenye dramu. Onyesho lilikuwa la kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwasisi wa kampuni ya Atlantic Records, na maombi ya tiketi yaliripotiwa kufikia milioni 20 kwa ukumbi wa watu chini ya 20,000. Tofauti na 1985 haikutokana na ujana, maana walikuwa wamezeeka kwa miaka 22 zaidi. Ilitokana na maandalizi. Walifanya mazoezi kwa wiki kadhaa, na Page alipovunjika kidole waliahirisha onyesho kwa wiki mbili badala ya kupanda hivyohivyo. Baadhi ya nyimbo walizishusha ufunguo ili zilingane na koo la Plant la wakati huo, uamuzi ambao wapo wanaouona kuwa udhaifu na mimi nauona kuwa heshima kwa wimbo. Jason alikuwa amekua akizisikia nyimbo hizi nyumbani, na unaona jinsi Page anavyosogea karibu na dramu, anamtazama, kisha wanaingia kwa pigo moja bila mmoja kumsubiri mwingine.

Walipiga nyimbo 16 kwa zaidi ya saa mbili. Filamu na santuri zilitolewa rasmi mwaka 2012, kwa picha safi na sauti iliyochanganywa vizuri, na kuna nafasi ya kutosha kwa nyimbo ndefu kupumua. Kinachokosekana ni ule utundu wa miaka ya 1970, walipokuwa radhi kuupotosha wimbo ili waone utakwenda wapi; hapa kila kitu kimepimwa. London 2007 inamfaa mtu anayetaka onyesho kamili lenye picha nzuri. Philadelphia 1985 nayo ina mtu wake: mwanamuziki kijana anayetaka kufundisha sikio lake. Atazame wimbo mmoja uliopigwa katika maonyesho yote mawili, bila kupumzika katikati, na atajifunza kuhusu mazoezi mengi kuliko mwalimu angeweza kumwambia.

The Who: Woodstock 1969 na Leeds 1970

Jozi hii ni ngumu zaidi kuamua. Katika tamasha la Woodstock, jimboni New York, ratiba ilichelewa kiasi kwamba The Who walipanda karibu saa 11 alfajiri ya tarehe 17 Agosti 1969, baada ya usiku mzima wa kusubiri na kubishana kuhusu malipo. Mwanaharakati Abbie Hoffman aliivamia maikrofoni kutoa hotuba, na Pete Townshend akamtimua kwa gitaa. Roger Daltrey amelitaja onyesho hilo kuwa baya kuliko yote waliyowahi kufanya. Lakini walipofika mwisho wa utunzi wao mrefu kuhusu mvulana kiziwi, bubu na kipofu, jua lilianza kuchomoza nyuma ya umati, na kipande hicho kilichohifadhiwa kwenye filamu kimewagusa watazamaji wengi kuliko maonyesho yao kadhaa yaliyopigwa kwa ufundi zaidi. Usiku unaweza kumchosha aliye jukwaani na bado ukampa mtazamaji kitu cha kweli, na kwa sababu hiyo siwezi kuiweka Woodstock ya The Who katika kapu moja na Philadelphia.

Leeds ni kinyume chake kwa kila kigezo. Tarehe 14 Februari 1970 walipiga katika bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds, mahali padogo, mbele ya wanafunzi waliobanana. Bendi ilitoka kwenye ziara ndefu, ikiwa imekomaa na imezoeana. Lengo lilikuwa kutengeneza santuri, kwa hiyo walirekodi usiku huo na usiku uliofuata mjini Hull. Mjini Hull gitaa la besi la John Entwistle halikunaswa katika nyimbo za mwanzo, na Leeds ikabaki kuwa chaguo.

Sikiliza wimbo unaofungua santuri. Bendi nzima inapiga kwa fujo, kisha inasimama ghafla. Daltrey anaimba mstari mmoja peke yake ndani ya ukimya, na wote wanarudi kwa kishindo kwenye pigo lilelile, si mapema wala kuchelewa. Keith Moon, ambaye dramu zake husikika kama mtu anayeporomosha vyombo ngazini, hakosei hata mara moja mahali pa kunyamaza. Hapo ndipo kigezo cha kusikilizana kinapoonekana kwa uwazi kuliko katika rekodi nyingine yoyote ninayoijua.

Santuri ya awali ina nyimbo sita tu na haifiki dakika 40. Toleo la mwaka 2001 limeuweka usiku wote, pamoja na ule utunzi mrefu. Mikwaruzo ya nyaya iliyosikika kwenye santuri ya kwanza iliachwa makusudi, na lebo yake ilimwonya msikilizaji asidhani ni hitilafu. Leeds ni sauti tupu, kwa hiyo haimfai mtu anayehitaji kuona. Inamfaa anayependa ngoma na besi, anayetaka nguvu isiyopambwa, na mwenye spika anazoweza kuzifungulia bila kugombana na majirani.

Grateful Dead: Woodstock 1969 na Cornell 1977

Grateful Dead walipanda Woodstock usiku wa kuamkia zamu ya The Who. Jukwaa lilikuwa limelowa mvua na umeme haukuwa salama. Bob Weir, mmoja wa wapiga gitaa wao, amesimulia jinsi alivyorushwa na umeme alipogusa maikrofoni. Mtu anayeogopa kukaribia maikrofoni hawezi kuimba, na bendi inayotegemea kubuni papo kwa papo haiwezi kubuni ikiwa akili yote iko kwenye nyaya. Waliuburuza wimbo wao wa mwisho kwa zaidi ya nusu saa bila kufika popote, na wenyewe wamekiri kwamba walivurunda.

Tarehe 8 Mei 1977 walipiga katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Ziara ya masika ile ilikuwa imewapa mazoezi ya kila siku, na Betty Cantor-Jackson, fundi wao, alirekodi moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa kuchanganyia sauti. Nakala za kanda zilizunguka mkono kwa mkono miongoni mwa wapenzi kwa miaka mingi kabla ya toleo rasmi la 2017, na rekodi hiyo imeingizwa katika hazina ya taifa ya sauti iliyo chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mahali pa kusikiliza kwa makini ni nyimbo mbili zilizounganishwa katika nusu ya pili: mpiga gitaa Jerry Garcia anaachia wimbo wa kwanza polepole, besi inaanza kuelekea kwingine, na unajikuta umeshaingia wimbo wa pili bila kujua mlango ulikuwa wapi.

Wapo wapenzi wanaosema usiku uliofuata mjini Buffalo ulikuwa bora, na hoja zao si dhaifu. Onyo langu ni kwamba muziki huu hauna haraka. Aliyekuja kutafuta kishindo atachoka kabla ya saa ya kwanza kwisha.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Ikiwa una nusu saa tu, au unataka kumvuta rafiki au mzazi ambaye hajawahi kuipenda roki, mwekee Queen ya 1985. Haihitaji maelezo, na mtu asiyejua hata neno moja la Kiingereza ataelewa kinachotokea kati ya mwimbaji na watu wake.

Ikiwa una jioni nzima na skrini nzuri, London 2007 ndiyo inayolipa muda wako. Ikiwa huna skrini lakini una spika, au unasafiri kwa basi la usiku ukiwa na hedifoni, Leeds itakufaa zaidi, nami ningeshauri uanze na zile nyimbo sita za santuri ya awali kabla ya kuufuata usiku mzima. Cornell iwekee siku ambayo una kazi ya mikono ya kufanya kwa saa tatu, kama vile kupika kwa ajili ya wageni au kufua, kwa sababu ni rekodi inayokuingia taratibu.

Anayejifunza kupiga chombo au anayesimamia mitambo asiziruke zile mbaya. Aanze na Philadelphia, akiwa na kalamu mkononi, aandike kila mahali anaposikia bendi inaachana: gitaa linapovutana na sauti, dramu zinapogombania pigo, mwimbaji anapotafuta ufunguo. Kisha aisikilize Leeds kwa kalamu ileile.

Na ikiwa umeshaangukia usiku mbaya wa bendi fulani ukaichoka, ipe nafasi moja zaidi kwenye usiku ambao walifanya mazoezi na mitambo ikawatii. Mdogo wangu aliitazama London 2007 mpaka mwisho siku ileile. Bado haipendi Led Zeppelin kuliko Queen, na sina ugomvi naye, lakini wiki iliyofuata aliniomba nimtafutie santuri zao za miaka ya 1970.